Dhahabu Haiulizi Ukoo

Nangila, binti ya ndugu yangu, amezikwa mara nyingi na bado yuko hai. Mara ya kwanza alizikwa kwa mdomo tu, kule kwetu Kabuchai, akiwa bado anatambaa. Bibi mmoja jirani alimwinua, akayatazama macho yake ya manjano, akamrudishia mama yake na kusema, "Huyu ni mgeni. Msimzoee." Nilikuwa pale pale nachambua mboga, na hasira niliyoipata siku hiyo sijaimaliza mpaka leo. Mtoto anacheka, anavuta kitambaa chako cha kichwa, na wewe unamwita mgeni!

Mimi ni Phelista, dada ya Wanyonyi, baba yake Nangila. Nauza nyanya na vitunguu soko la Chwele, na wateja wangu wanajua kwamba ulimi wangu hauna kifuniko. Basi nikichemka katika habari hii msishangae. Nyingi za hizo hasira nimeziokota kwa ajili ya huyo huyo mtoto.

Ugonjwa wake madaktari huuita selimundu, sisi tunasema sikoseli. Chembe za damu zinazotakiwa kuwa za mviringo zinapinda kama mundu wa kukatia nyasi, zinakwama ndani ya mishipa, na mtu analia mifupa. Hana kidonda, hajaanguka, lakini analia. Mvua ikinyesha analia zaidi. Kabla hatujapata jina hilo tulikuwa tumepewa majina mengine mengi: ati mama yake aliruka kitu njiani akiwa na mimba, ati kuna mtu ametuonea wivu kwa sababu ya mahindi ya mwaka fulani. Kila mwenye mdomo alikuja na ugonjwa wake.

Wanyonyi alimpenda binti yake, siwezi kusema uongo. Ila alimpenda kwa kujihadhari, kama mtu anayemsindikiza msafiri mpaka barabarani. Nangila alipomaliza darasa la nane, ndugu yangu alikuja kwangu sokoni akasimama akichezea nyanya zangu.

"Phelista, si unaona hii mambo yenyewe? Ati nisomeshe mtu na hata haijulikani kama atamaliza?"

"Acha nyanya yangu," nikamwambia. "Na huyo mtoto nipe mimi."

Akanipa. Nangila akakaa kwangu Chwele, akasoma. Alikuwa akilazwa hospitalini na vitabu vyake, akitoka anatoka navyo. Mwalimu mmoja alimwambia asijisumbue kufanya mtihani ikiwa anaumwa. Akamjibu kwamba ataumwa huku akiufanya, akaufanya amejifunga blanketi miguuni.

Akiwa sekondari, mama yake alizaa tena, mvulana, tukamwita Sifuna. Safari hii hatukutaka kushtukizwa. Alipimwa angali mchanga, kwa kile kipimo cha haraka ambacho hutazama kama damu inapinda, tukaambiwa yuko safi. Wanyonyi alichinja kuku. Niliimba mimi mwenyewe mpaka sauti ikakauka. Kumbe mtoto mchanga bado anakuwa na damu ya aina ile aliyokuwa nayo tumboni, nayo haipindi, na kwa miezi mingi inauficha ugonjwa. Sifuna hakupewa dawa ya kinga wala hakuna aliyemchunga na homa, maana mtu safi anachungwa na nini? Homa ilimkamata asubuhi, na kufikia jua kuzama tulikuwa hatuna mtoto.

Tangu siku ile ukitamka neno "safi" mbele ya Nangila, hata kama unasifu sufuria, anakugeukia.

Alisomea kazi ya maabara, akaajiriwa Kitale. Nilipinga. Kitale ni baridi, na baridi kwa mtu wa sikoseli ni adui wa kuzaliwa naye. Akaniambia, "Shangazi, nikikimbia kila kitu kinachoniumiza nitaishi wapi?" Akanunua sweta nzito yenye zipu, akanunua chupa kubwa ya maji ambayo hatembei bila hiyo, akaenda. Huko alimkuta Daktari Gathoni, mwanamke asiyepoteza maneno, ambaye pamoja na wenzake walikuwa wakijaribu kifaa kipya cha kusoma vinasaba, DNA yenyewe, kutoka kwenye tone moja la damu. Nangila aliposikia kwamba kifaa hicho hakijali damu imepinda au haijapinda, kwamba hata mtoto wa jana kinamsoma, aliomba kazi hiyo na hakutaka nyingine.

Alikuja likizo akanieleza. Nilimwambia anieleze kama mtu anayeuza vitunguu, akashika zipu ya sweta yake.

"Vinasaba ni zipu, shangazi. Pande mbili, meno kwa meno. Sisi tunachukua upande mmoja, kipande kifupi tu, tunakibandika juu ya dhahabu nyembamba, nyembamba kushinda ganda la kitunguu. Halafu tunaleta damu ya mtu. Tunaipasua, tunaipasha moto ili kile kipande tunachokitafuta kitoe nakala nyingi, tunadondosha juu ya dhahabu. Kama meno yanalingana, zipu inajifunga. Kama jino moja tu limekosana, tukisuuza na maji ya vuguvugu inafunguka, inaenda."

"Na utajuaje imefunga? Unaiona?"

"Siioni. Kuna rangi ya buluu inashikilia zipu iliyofungwa, na hiyo rangi inapitisha umeme kidogo sana. Simu inausoma, inachora mstari. Zipu imefunga, mstari unapanda." Akavuta zipu yake juu, akaishusha. "Ugonjwa wangu ni jino moja, shangazi. Jino moja ndilo lililofanya niitwe mgeni."

Kila kadi ina madoa mawili ya dhahabu. La kwanza limebandikwa zipu ya watu wasio na ugonjwa, la pili limebandikwa zipu yenye lile jino lililokosewa. Asiye na ugonjwa anapandisha mstari wa kwanza tu. Nangila anapandisha wa pili tu, kwa sababu alirithi jino baya kwa baba na kwa mama. Anayepandisha yote miwili ni mbebaji: yeye haumwi, analima, anacheza mpira, lakini anaweza kumrithisha mtoto. Wanyonyi na mkewe ni wabebaji. Niliposikia hivyo nilifikiria watu wote waliotajwa kuwa wachawi kwa ajili ya mtoto yule, nikatamani kuwapikia chakula.

Sasa kuna Kiplimo. Kiplimo anatoka mlimani, upande wa Suam, analeta viazi na vitunguu Kitale. Mimi ndiye niliyemjua kwanza, maana vitunguu vyake ndivyo nilivyokuwa nikiuza, na siku moja nilimtuma ampelekee Nangila mzigo wa kuku. Mzigo ulifika, na mpeleka mzigo akaendelea kufika. Ni kijana mrefu, mpole, anayeongea kama anayelipia maneno. Siku Nangila aliposhikwa na maumivu mbele yake, hakupiga kelele za kuita watu. Alijaza ile chupa ya maji, akamfunika, akatafuta gari. Mtu akiniuliza kwa nini nilimkubali, ni hiyo chupa.

Nangila alimwambia mapema: nitaolewa na wewe, lakini kwanza nataka nikusome. Kiplimo akasema haya. Aliyekataa ni ndugu yangu Wanyonyi.

"Utapima kijana ya watu kabla hatujaulizana koo? Watasema tumemuita mgonjwa. Hiyo ni matusi, Nangila. Ngoja wenyewe wakuje."

Nangila alikubali kungoja mpaka koo ziulizwe. Siku moja zaidi ya hapo, alisema, hapana.

Nieleze hilo la koo. Kwetu sisi Wabukusu, kabla mtu hajataja ng'ombe wa mahari, wageni na wenyeji huulizana: ukoo wa baba ni upi, wa mama ni upi, wa bibi ni upi. Zikigongana, chai inanywewa kwa amani na kila mtu anarudi kwake, kwa kuwa hao ni ndugu. Ni desturi nzuri na siidharau. Lakini imewazoesha watu wetu jambo moja: kwamba hatari ya damu ni ukaribu, na ukienda mbali umepona. Kwa hiyo ndugu yangu alipojua kijana ni wa mlimani, wa kabila jingine kabisa, moyo wake ulitulia kabla hata hajamwona.

Wageni walifika Jumamosi, nyumbani kwa Wanyonyi. Alikuja mama yake Kiplimo, Chepkirui, mjane mwembamba mwenye macho ya kuhesabu, na shemeji yake Kipkosgei ndiye aliyekuwa msemaji. Walileta sukari na blanketi nzito la kijani. Nangila alikuwa amefika usiku wa kuamkia siku hiyo kutoka Malakisi, ambako wiki nzima walikuwa wakiwapima watu waliojitolea katika majaribio, na sanduku la kifaa alikuwa nalo. Daktari Gathoni alimruhusu, kwa sharti kwamba atakayepimwa akubali mwenyewe, na kwamba damu nyingine ihifadhiwe ili ikathibitishwe kwenye maabara kubwa.

Koo ziliulizwa. Wanyonyi alitaja zetu, Kipkosgei akataja zao, majina ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyatamka vizuri. Hazikugongana, zingegonganaje? Ndugu yangu akapiga paja.

"Damu imetoka mbali! Hapa hakuna shida tena."

Chepkirui akaweka kikombe chini. "Sisi msichana tunampenda," akasema. "Lakini tusifichane. Huo ugonjwa ni yenu, ya watu wa huku chini. Kwetu mlimani haiko. Nauliza tu kama yeye ataweza kuzaa mtoto mzima."

Nilidhani Wanyonyi atakasirika. Badala yake akafurahi! "Ndiyo hiyo nasema, mama. Kwenu haiko. Mkichanganya na yetu, inaisha." Na wazee wetu wakaitikia kwa vichwa, na Kipkosgei akaitikia, wote wamekubaliana vizuri kwamba ugonjwa una kabila na una kitambulisho. Nilisonya, wakanisikia, nikasonya tena.

Siku kama hiyo binti haongei. Anaitwa, anaulizwa kama anawajua wageni, anasema anawajua, anarudi jikoni. Nangila hakungoja kuitwa. Alitoka na sweta yake juu ya nguo ya sherehe, akaliweka sanduku mezani, kati ya birika na mandazi.

"Baba, mmeulizana koo tatu," akasema. "Imebaki moja."

"Gani hiyo?"

"Hii. Hii haijui Mbukusu wala mtu wa mlima. Kiplimo, unakubali nikusome hapa, mbele ya watu, au twende chumbani?"

Kiplimo alimtazama mama yake kwanza. Kisha akakunja mkono wa shati. "Hapa hapa. Si mama amesema kwetu haiko? Basi aone."

Akamchoma kidole. Akajichoma na yeye, apime ya kwake pembeni, kwa kadi yake, ili kifaa kikikosea ajue. Akachanganya dawa zake, akaweka vichupa ndani ya kile kisanduku kinachopasha moto, akakichomeka kwenye waya wa umeme karibu na dirisha. "Sasa kuleni," akasema. "Inahitaji muda."

Tukala. Kuku alikuwa kuku, sitaki kujisifu lakini nilisaidia. Watu walicheka kwa nguvu kuliko vichekesho vyenyewe, kama watu wanavyofanya wakiwa na hofu. Mukhisa, binamu yetu asiyeweza kukaa penye kimya, alileta spika yake kubwa, muziki ukaanza, na kidogo nyumba ikachangamka. Baada ya kunawa mikono, Nangila alidondosha damu ya Kiplimo kwenye kadi, akasuuza na maji ya vuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai aliyoitenga, akachomeka kadi kwenye simu. Tukamzunguka.

Mstari wa kwanza haukupanda. Mstari wa pili haukupanda.

"Hakuna kitu!" Mukhisa akapiga kelele. "Kijana ako safi kabisa!"

Mngeiona furaha iliyolipuka humo ndani! Wanawake walipiga vigelegele. Chepkirui alisimama akacheza mabega ya kwao, Wanyonyi akamkumbatia Kipkosgei, na mimi, mwenye kusonya, nilikuwa tayari nimetupa leso juu. Nangila alikuwa amepewa kila alichokuwa akikitaka. Hakutakiwa kufanya lolote. Angenyamaza tu na kutabasamu, angekuwa mke wa Kiplimo jioni hiyo hiyo, na hakuna aliye hai ambaye angemlaumu.

"Nyamazeni," akasema.

Hawakumsikia. Akapanda juu ya stuli, mtu ambaye magoti yake huuma akipanda ngazi, akapiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko.

"Nyamazeni! Mstari wa kwanza uko wapi? Mtu asiye na ugonjwa anapandisha wa kwanza. Mwenye ugonjwa anapandisha wa pili. Hapa hakuna hata mmoja. Hii si safi. Hii ni kupiga hodi kwa nyumba haina mtu, halafu unasema wenyewe hawana maneno." Akachomeka kadi yake mwenyewe kwenye simu, nayo mistari yote miwili ikalala. "Na hata mimi kinasema sina ugonjwa. Mimi! Mnacheza nini?"

Akashuka, akafuata waya kwa mkono mpaka dirishani. Kisanduku cha kupasha moto kilikuwa baridi. Penye plagi yake palikuwa na plagi ya spika.

"Nani alichomoa?"

Mukhisa akajikuna. "Si nilitaka ledio iimbe kidogo tu, bana. Wageni wamekaa kama watu wa matanga."

Wanyonyi akamshika binti yake mkono, akasema kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia. "Wachana nayo, mama. Usirudie. Mungu ameshasema."

"Mungu hajasema kitu, baba. Ni Mukhisa alichomoa."

"Nangila, watu wamefurahi!"

"Hata siku ya Sifuna mlifurahi. Mlichinja kuku."

Ndugu yangu aliuachia ule mkono kama umemchoma. Kiplimo alitoa kidole kingine bila kuambiwa, Nangila akaanza upya, na safari hii alivuta kiti akakaa mgongo wake ukiwa umeziba plagi, chupa ya maji mapajani, akitutazama mmoja mmoja. Hata Mukhisa hakuthubutu kukohoa.

Kadi ya Nangila ilipandisha mstari wa pili peke yake, ukweli ambao ameuishi tangu kuzaliwa. Kisha akachomeka ya Kiplimo. Mstari wa kwanza ukapanda. Tukavuta pumzi. Mstari wa pili ukapanda pia.

"Ni mbebaji," Nangila akasema. "Yeye hataugua. Mimi na yeye tukizaa, kila mimba ni nusu kwa nusu. Nusu mtoto awe kama yeye, nusu awe kama mimi."

"Hiyo mashini inadanganya," Chepkirui akasema. "Kwetu haiko."

"Damu nyingine nimeweka, mama. Itaenda kwa maabara kubwa. Lakini sitakuficha, naamini hii."

Hapo ndipo nilipoona makabila mawili yakipatana kweli kweli, maana pande zote zilikubaliana kuvunja. Kipkosgei alisema wanywe chai waende kabla mvua haijashika barabara. Wanyonyi alikaa ameshika kichwa, akisema, "Mwanangu, mlango umejifungia mwenyewe." Na Chepkirui akajifunga leso yake kiunoni akasema, si kwa ubaya, alisema kama mtu anayesema mvua ni maji, "Nani anaweza kutaka kuzaa mtoto wa namna hiyo?"

"Namna gani?" Nangila akauliza.

Chepkirui akakaza fundo la leso.

"Sema tu, mama. Namna gani?"

"Wa kulia mifupa. Wa kuzikwa mapema."

Nangila alivua ile sweta. Sijui kwa nini ilinishtua, labda kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwona akiivua mbele za watu. Mikono yake ni myembamba, ina alama za sindano za hospitali tangu utoto.

"Nitazame vizuri. Huyo mtoto mnayemwogopa ndiye mimi. Niko hapa. Kuku umekula nimepika mimi. Damu ya mtoto wako nimetoa mimi. Hapa kijijini nimezikwa na watu ambao mimi nimeenda matanga yao. Yule bibi aliyesema nisizoewe, maji ya kuosha sufuria za matanga yake niliteka mimi. Nikizaa mtoto kama mimi, atakuwa kama mimi, basi! Hatakuwa kama Sifuna. Sifuna hakuuawa na sikoseli peke yake. Aliuawa na neno safi. Wangu nitamjua siku za kwanza, atakunywa dawa, atalala ndani ya neti, akishikwa na homa atakimbizwa. Na kama hamtaki mtoto kama huyo, msizunguke. Semeni mbele yangu kwamba hamnitaki mimi."

Chepkirui alikuwa bado amesimama, mkono kwenye fundo la leso. Alipoongea, hakuwa akiongea na sisi.

"Hao watoto," akasema, "vidole vyao huvimba?"

"Huvimba," Nangila akajibu. "Mikono na miguu. Wakiwa wadogo kabisa."

Chepkirui akakaa. "Kabla ya Kiplimo kulikuwa na msichana. Jeruto. Vidole vilivimba mpaka akakataa kushika titi. Alipokufa tukasema ni jicho la mke wa ndugu yake baba." Akamtazama Kipkosgei, na Kipkosgei akatazama sakafu, kwa sababu mke huyo alikuwa wake. "Tulimfukuza na nguo alizovaa. Si ni hivyo, Kipkosgei? Tulimfukuza."

Kipkosgei alivua kofia yake akaiweka gotini.

Kiplimo ndiye aliyetuokoa. "Mimi nimeulizwa koo," akasema polepole, "na nimetolewa damu mara mbili siku moja. Kama kuna kitu ingine inabaki, semeni. Kama haiko, mimi nataka huyu bibi yangu."

Mukhisa alicheka, akajiziba mdomo. Nikacheka mimi. Hatukukubaliana lolote siku hiyo, nisiseme uongo. Lakini wageni walipoingia garini niliangalia, na blanketi la kijani halikurudi nao. Chepkirui alilikunja mwenyewe akaliacha juu ya kitanda cha Nangila.

Maabara kubwa ilithibitisha. Wakafunga ndoa kanisani, na wale waliokuja kuhesabu miezi aliyobakiza bibi harusi walikula pilau yake wakaomba nyongeza. Alipotaka mtoto, madaktari walimkalisha yeye na Kiplimo wakawaeleza hatari zote, za mimba na za mtoto. Akasema amesikia. Mimba ile ilikuwa ngumu. Alilazwa, akaongezewa damu, na sokoni wakaanza kunitazama kwa yale macho ya pole. Mmoja aliniuliza mazishi yatakuwa Kabuchai au mlimani. Nilimwambia yatakuwa ya kwake akichelewa kutoka kwenye kibanda changu.

Alizaa msichana. Chepkirui aliomba jina, na jina likawa Jeruto.

Mtoto alipofikisha umri wa sindano za kwanza, tulikutana Kitale, mimi nimepanda kutoka Chwele, Chepkirui ameshuka mlimani na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando. Katika miezi ile ya hospitali tulikuwa tumekaa kwenye benchi moja siku nyingi, nami nilikuwa nimemsimulia kila kitu, hata habari ya yule bibi na ule mgeni wake. Wenzake Nangila walijitolea kumpima mtoto. Akakataa. Alimchoma kisigino kwa mkono wake, akambusu pale pale alipomchoma, akakaa mbele ya kisanduku cha moto, mgongo wake umeziba plagi kama siku ile. Sanduku lilikuwa na betri yake sasa. Alikaa hivyo hivyo.

Mstari wa kwanza haukupanda. Tukangoja. Mstari wa pili ukapanda peke yake mpaka juu.

Nisiwe shujaa wa uongo. Nilitaka kulia kwa sauti kama tunavyolia kwetu, mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Kiplimo aligeukia ukuta. Nangila hakutoa chozi. Alikuwa akimtazama mama mkwe wake, kidevu juu, kama siku ile ya stuli, akingoja aone kama itabidi apigane tena.

Chepkirui aliweka kibuyu chini, akajifuta mikono kwenye leso.

"Dawa inaanza lini?"

"Leo," Nangila akasema.

"Basi lete huyo mtoto nimzoee. Wewe enda ulete dawa."